Je, Nyota Hii Iko Peke Yake?



Naomba tuanze na hesabu, maana yote nitakayosema yamesimama juu yake. Sayari ikipita mbele ya nyota yake, nasi tukiwa upande unaofaa, huziba sehemu ndogo ya mwanga wa nyota hiyo. Mtazamaji aliye mbali nje ya mfumo wetu, akiishuhudia Mshtarii ikipita mbele ya Jua, angeona mwanga wa Jua ukipungua kwa asilimia 1 hivi. Ikipita Dunia yetu, mwanga ungepungua kwa sehemu 84 tu katika kila milioni. Sayari yenyewe hatuioni. Tunachokiona ni nyota inayofifia kwa saa chache, ikarudia hali yake, na baada ya siku kadhaa ikafifia tena kwa kiasi kilekile. Kiasi hicho tukikitafutia kipeuo cha pili, tunapata uwiano wa kipenyo cha sayari na kipenyo cha nyota. Mwanga ukipungua kwa asilimia 1, basi kipenyo cha sayari ni sehemu moja ya kumi ya kipenyo cha nyota yake.

Hesabu hii ina sharti ambalo halisemwi: mwanga wote uliopimwa uwe umetoka kwenye nyota moja. Tuseme nyota ni mbili zenye mng'aro sawa, na kamera yetu imezihesabu kuwa moja. Nusu ya mwanga tulioupokea haihusiki kabisa na sayari. Kule kufifia kwa asilimia 1 tulikoandika daftarini ni kufifia kwa asilimia 2 kwa nyota moja kati ya hizo mbili. Kipenyo cha sayari kinapanda kwa asilimia 41. Ujazo wake unakuwa karibu mara 2.8 ya ule tulioutangaza, na kama masi yake tayari inajulikana kwa njia nyingine, densiti inaanguka hadi karibu theluthi moja. Tuliyoiita sayari ya mwamba huenda ikawa mpira wa gesi.

Waliokulia kando ya Ziwa Viktoria wanazijua karabai za wavuvi wa dagaa. Mitumbwi miwili ikikaribiana huko mbali majini usiku wa giza, mtu aliye ufukweni huona taa moja. Mvuvi akisimama mbele ya karabai mojawapo, mtu wa ufukweni ataona ile taa moja imepungua kidogo, na atakadiria kwamba aliyepita ni mwembamba kuliko alivyo. Kosa hilo halirekebishwi kwa kupima upungufu wa mwanga kwa makini zaidi. Dawa yake ni kuzitenganisha taa.

Kazi hiyo ya kuzitenganisha ndiyo mada yangu. Magazeti huiandika mara chache, kwa kuwa kichwa cha habari hupewa sayari. Mimi naiona kuwa sehemu ya ugunduzi wenyewe: bila hiyo, ukubwa wa sayari unaochapishwa ni makadirio yanayosubiri kuthibitishwa.

Tuelewane kwanza kuhusu kipimo. Digrii moja ya anga ina dakika 60 za tao, na dakika moja ina sekunde 60 za tao. Mwezi mpevu una upana wa nusu digrii, yaani sekunde za tao 1,800 hivi. Jicho la binadamu lisilo na kasoro hutenganisha nukta mbili zilizoachana kwa dakika moja ya tao. Sasa tazama vyombo vilivyotupatia sehemu kubwa ya sayari tunazozijua. Darubini ya Kepler, iliyorushwa na NASA mwaka 2009, ilikodolea macho nyota zipatazo 150,000 kwa wakati mmoja, na kila pikseli ya kamera yake ilifunika sekunde za tao 4 kwa 4. Mrithi wake, TESS, iliyorushwa mwaka 2018, inatazama karibu anga lote, na pikseli yake ina sekunde za tao 21 kila upande. Vyombo hivyo viliundwa kupima mwanga kwa usahihi mkubwa, na vimefanya hivyo vizuri sana. Kutofautisha nyota na jirani yake hakukuwa kazi yao. Ndani ya pikseli moja ya TESS zinaweza kukaa nyota kadhaa.

Na jirani wapo. Mwaka 2010 Deepak Raghavan na wenzake walichapisha uchunguzi wa nyota 454 za karibu zinazofanana na Jua, wakakuta kwamba karibu nusu yake zina angalau mwenza mmoja. Jua letu, lililo peke yake, si kielelezo cha nyota zote. Anayetafuta sayari bila kuuliza habari za nyota mwenza anajiwekea kosa ambalo litamfikia mapema, tena mara nyingi.

Kwa nini basi tusielekeze darubini kubwa kwenye kila nyota na kupiga picha? Kinachozuia ni hewa. Juu ya vichwa vyetu imejaa mafungu ya hewa ya joto na ya baridi yanayosukumana, na kila fungu huupinda mwanga kidogo kwa namna yake. Ndiyo sababu nyota humetameta. Darubini yenye kioo cha mita 8, kwa kanuni za fizikia ya mawimbi, inaweza kutenganisha nyota mbili zilizoachana kwa sekunde ya tao 0.02 katika mwanga unaoonekana kwa macho. Pembe hiyo ni sehemu moja ya 90,000 ya upana wa Mwezi mpevu. Lakini ukiacha kamera ikusanye mwanga kwa dakika kadhaa, hata juu ya mlima wenye hewa tulivu, nyota hutoka kama doa lililotanuka hadi nusu sekunde ya tao au zaidi. Kwa ukali wa picha, kioo cha mita 8 kinakuwa sawa na kioo cha sentimita 20. Mwanga mwingi unakusanywa, lakini undani umepotea.

Mwaka 1970 Mfaransa Antoine Labeyrie alionyesha kuwa undani huo haujapotea. Upo, ila umechanganywa. Ukipiga picha ya haraka sana, ya sehemu ndogo ya sekunde, hewa haipati muda wa kubadilika sana, na badala ya doa moja pana utaona kundi la vitone vidogo, kila kitone kikiwa na ukali ambao darubini iliahidi. Ukipiga picha nyingine mara moja, vitone vimeshahama. Picha moja peke yake haina maana. Lakini kama nyota ni mbili zilizokaribiana, mwanga wa zote mbili umepita karibu katika hewa ileile, kwa hiyo kila kitone cha nyota ya kwanza kina pacha wake wa nyota ya pili, kwa umbali uleule na kwa upande uleule. Vitone vinahama, lakini uhusiano huo hauhami. Ukichukua maelfu ya picha na kuzipitisha kwenye hesabu za Fourier, vurugu la hewa linajifuta lenyewe na uhusiano unabaki ukiwa michirizi iliyopangika. Nafasi kati ya michirizi hutoa umbali wa nyota mbili, mwelekeo wake hutoa upande aliko mwenza, na nguvu yake hutoa tofauti ya mng'aro. Kila ninapoirudia hoja hii nasimama kidogo kuistaajabia: kinachotusumbua kimeachwa kiendelee kusumbua, ila kinapigwa picha kwa kasi kuliko kinavyoweza kubadilika.

Leo kazi hiyo inafanywa kwa vyombo kadhaa vilivyobuniwa na Steve Howell wa NASA, Elliott Horch na wenzao. Viwili kati ya hivyo, 'Alopeke na Zorro, vimefungwa kwenye darubini pacha za Gemini zenye vioo vya mita 8.1, moja juu ya Maunakea huko Hawaii na nyingine juu ya Cerro Pachón nchini Chile, hivyo kwa pamoja hufikia anga la kaskazini na la kusini. Kila seti ina picha 1,000, kila picha ya milisekunde 60, nazo huchukuliwa kwa rangi mbili kwa wakati mmoja. Nyota angavu humalizwa kwa dakika chache, kisha darubini inahamia nyingine.

Njia ya pili ni kuurekebisha mwanga kabla haujaifikia kamera. Horace Babcock aliipendekeza mwaka 1953, miaka mingi kabla ya kompyuta zenye uwezo wa kuitekeleza. Chombo hupima jinsi hewa ilivyoupinda mwanga, kisha kioo chembamba hubadilishwa umbo mamia ya mara kwa sekunde ili kuunyoosha. Kama hakuna nyota angavu ya kupimia, leza huelekezwa juu na kutengeneza nyota bandia. Njia hii hufanya kazi vizuri zaidi katika infraredi, ambako nyota vibete vyekundu hung'aa zaidi, kwa hiyo hugundua wenza hafifu ambao njia ya vitone ingewakosa. Ile ya vitone, kwa upande wake, huona waliokaribiana zaidi. Sioni faida ya kubishana ipi bora. Nyota yenye sayari muhimu inastahili zote mbili. Ipo na njia nyepesi zaidi, ya kupiga maelfu ya picha za haraka na kubakiza chache ambazo hewa ilitulia kwa bahati. David Fried alikokotoa mwaka 1978 ni mara ngapi bahati hiyo hutokea, na kamera ya AstraLux huko Calar Alto, Hispania, imeitumia sana kwa nyota zenye sayari.

Matokeo yalikuja kwa wingi. Mwaka 2014 Nicholas Law na wenzake, wakitumia Robo-AO, chombo kinachojiendesha chenyewe kwenye darubini ya mita 1.5 huko Palomar, California, walitoa ripoti ya nyota 715 za Kepler zilizodhaniwa kuwa na sayari. Walikuta 53 kati yake zina jirani aliye karibu, na wengi wa jirani hao hawakuwa wakijulikana. Mwaka 2017 Elise Furlan na wenzake walikusanya kazi za darubini mbalimbali na kukuta kwamba karibu asilimia 10 ya nyota zilizochunguzwa zina jirani ndani ya sekunde moja ya tao, na karibu asilimia 30 ndani ya sekunde 4, yaani ndani ya pikseli moja ya Kepler. Kabla ya hapo, mwaka 2015, David Ciardi na wenzake walikuwa wamekadiria kwamba tukipuuza kabisa wenza, vipenyo vya sayari za Kepler vitapunguzwa kwa wastani wa mara 1.5.

Sayari ya WASP-12b inaonyesha kosa hili linavyozidi kipenyo. Hili ni jitu la gesi linaloizunguka nyota yake kwa zaidi kidogo ya siku moja, lenye joto kali mno. Mwaka 2011 ilitangazwa kwamba hewa yake ina kaboni nyingi kuliko oksijeni, na habari hiyo ikaenea kwa haraka. Wakati huohuo picha kali za AstraLux zilikuwa zimeonyesha nyota hafifu umbali wa sekunde moja ya tao tu kutoka nyota kuu. Mwaka 2012 Ian Crossfield na wenzake walionyesha kwamba mwanga wa nyota hiyo nyekundu ulikuwa umechanganyika na vipimo vya joto la sayari. Ulipoondolewa, ushahidi wa kaboni ulidhoofika sana. Miaka miwili baadaye picha zilizo kali zaidi zikaonyesha kwamba ile nyota hafifu nayo ni nyota mbili. Tulianza na nyota moja, tukaishia na tatu.

Wakati mwingine swali ni gumu zaidi: sayari ni ya nani? Kepler-296 ina sayari tano. Picha kali zilipoonyesha vibete vyekundu viwili vilivyoachana kwa sekunde ya tao 0.2, kila sayari ilibidi iulizwe inazunguka kipi. Chukua mfano wa mwenza mwenye moja ya kumi ya mng'aro wa nyota kuu. Sayari ikiwa ya nyota kuu, kipenyo chake kinasahihishwa kwa asilimia 5 tu. Ikiwa ya mwenza, uwiano unapanda mara 3.3, na hata mwenza akiwa na nusu ya kipenyo cha nyota kuu, sayari inakuwa kubwa kwa zaidi ya mara moja na nusu. Kwa Kepler-296, uchambuzi uliochapishwa mwaka 2015 uliziweka zote tano kwenye nyota angavu zaidi, lakini ulihitaji hoja ndefu za mwendo wa sayari na densiti ya nyota.

Na yule jirani mwenyewe, ni mwenza kweli au ni nyota ya mbali sana iliyopangana na nyota kuu kwa bahati? Njia ya uhakika ni subira. Nyota huhama taratibu angani; ukipiga picha tena baada ya miaka kadhaa na zote mbili zimehama pamoja, zimefungamana. Rangi nazo husaidia, kwa kuwa zinaonyesha kama mng'aro wa jirani unalingana na umbali uleule. Horch na wenzake walionyesha mwaka 2014 kwamba kwa nyota za Kepler, wengi wa wanaoonekana ndani ya sekunde moja ya tao wamefungwa na mvuto wa kweli.

Nataka niseme neno kuhusu picha zisizoonyesha kitu. Mwaka 2016, kabla dunia haijajua kwamba TRAPPIST-1 ina sayari saba, Howell na wenzake waliitazama nyota hiyo kwa darubini ya Gemini Kusini kwa njia ya vitone. Hawakukuta mwenza. Mchoro waliochapisha unaonyesha, kwa kila umbali kutoka nyota, mwenza angekuwa hafifu kiasi gani ndipo aweze kuwaponyoka. Hakuna gazeti litakaloweka mchoro huo ukurasa wa kwanza. Lakini sayari zile saba zilipotangazwa Februari 2017, pamoja na vipenyo vinavyokaribia kile cha Dunia, vipenyo hivyo vilikuwa na ulinzi huo nyuma yake. Wanafunzi wangu huniuliza kama inafaa kutumia usiku wa darubini ya mita 8 kutafuta kisichokuwepo. Nawajibu kwamba aliyetazama vizuri asikute kitu, na akaweza kusema kwa namba asichokikuta ni kipi, ametoa matokeo kamili.

Kuna jambo kubwa zaidi ya kusahihisha vipenyo. Sayari huzaliwa ndani ya kisahani cha gesi na vumbi kinachoizunguka nyota changa. Nyota nyingine ikikaa karibu, mvuto wake hukikata kisahani hicho pembeni, kikabaki kidogo na kutoweka mapema. Je, sayari zinaweza kuzaliwa hapo? Mwaka 1988 Wakanada Bruce Campbell, Gordon Walker na Stephenson Yang waliona nyota ya Gamma Cephei ikiyumba kana kwamba ina sayari, wakaja kuitilia shaka dalili hiyo. Artie Hatzes na wenzake waliithibitisha mwaka 2003. Sayari iko umbali wa mara mbili hivi ya ule wa Dunia na Jua. Mwaka 2007 kundi la Ralph Neuhäuser lilichapisha picha ya mwenza mwenyewe, kibete chekundu kilicho umbali wa kama mara 20 ya Dunia na Jua, karibu sawa na mahali ilipo Uranus kwetu. Kwa hiyo inawezekana.

Inawezekana, ila ni nadra. Adam Kraus na wenzake walichunguza nyota 382 za Kepler, wakaripoti mwaka 2016 kwamba mwenza akiwa karibu kuliko takriban mara 47 ya umbali wa Dunia na Jua, sayari hupatikana kwa theluthi moja tu ya kiwango cha kawaida. Kwa makadirio yao, nyota moja kati ya kila tano zinazofanana na Jua katika galaksi yetu imenyimwa sayari na mwenza wake. Ni dai zito, na nalikubali kwa sehemu kubwa. Lakini mwaka 2021 Kathryn Lester na wenzake, kwa kutumia nyota za TESS, walikumbusha jambo ambalo hesabu yetu ya mwanzo inalisema wazi: mwanga wa mwenza huzifunika sayari ndogo, kufifia kwake kunakuwa kudogo mno kupimika. Baadhi ya sayari zinazodhaniwa kutokuwepo huenda zipo, zimezamishwa na mng'aro wa jirani. Kutenganisha sayari zilizokosekana na zilizofichwa ndiyo kazi iliyobaki, na haiwezi kufanywa bila picha za nyota moja baada ya nyingine.

Bara letu lina historia hapa. Johannesburg ilikuwa kwa miongo mingi kituo kikubwa cha nyota maradufu za anga la kusini. Robert Innes alifanya kazi huko, na mwaka 1915 akaigundua Proxima, nyota ya tatu katika mfumo wa nyota wa Rijili Kantori na nyota iliyo karibu nasi kuliko zote baada ya Jua. William Finsen alifuata hapohapo kwa kifaa chake cha kutenganisha nyota zilizokaribiana mno. Leo, mwanafunzi wa Dar es Salaam au Eldoret hahitaji kupanda Maunakea. Michoro na picha za 'Alopeke na Zorro huwekwa kwenye hazina ya ExoFOP, ambayo yeyote mwenye intaneti anaweza kuifungua, kuchagua nyota na kukagua kama kipenyo cha sayari kilichochapishwa kimezingatia jirani. Hiyo ni kazi ya shahada ya kwanza, nami natamani kuiona ikifanywa hapa.

Rijili Kantori yenyewe inaonekana vizuri kutoka kwetu upande wa kusini, jioni za Mei na Juni, na darubini ndogo inatosha kuigawa A na B. Nyota hizo mbili huzungukana kwa miaka 80 hivi, zikikaribiana hadi mara 11 ya umbali wa Dunia na Jua na kuachana hadi mara 36. Agosti 2024 darubini ya James Webb ilinasa kidoa karibu na A, kinachoweza kuwa sayari yenye masi kama ya Zohali, kwa umbali wa mara mbili hivi ya Dunia na Jua. Ili kukiona, mwanga wa A ulizibwa kwa kifaa maalumu, na mwanga wa B ukabidi uondolewe kwa hesabu. Februari na Aprili 2025 kidoa hakikuonekana. Mahesabu ya njia yake yanaruhusu kwamba wakati huo kilikuwa karibu mno na nyota. Matokeo yalitangazwa Agosti 2025, na kidoa kikaitwa mtahiniwa, yaani sayari inayosubiri kuthibitishwa. Tangu 2016 B imekuwa ikiachana na A kama tunavyoiona kutoka hapa, jambo linalopunguza mwanga wake katika picha, na hilo litaisaidia Webb ikielekezwa huko tena.